Kimesimama au Amesimama? Upatanisho wa Kisarufi katika Filamu ya Kutisha ya Vikaragosi

Makala haya yametokana na alama moja ya wino mwekundu. Mwaka uliopita, kikundi chetu cha wanafunzi watano kiliandika muswada wa filamu fupi ya kutisha, ya dakika 12, ambayo mhusika wake mkuu ni kikaragosi. Katika onyesho la nne niliandika: “Taa inazimika. Kikaragosi amesimama.” Mwalimu wetu wa sarufi, ambaye tulimwomba atusahihishie lugha, alikata neno “amesimama” na kuandika juu yake “kimesimama”.

Nilimfuata baada ya kipindi. Akaniuliza, “Mwanangu, hicho kikaragosi ni mtu?”

Nikajibu, “Hapana, Profesa. Lakini katika onyesho hilo mtazamaji hana hakika.”

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi utuandikie. Utuambie ni wakati gani kitu kinapata haki ya kuitwa kwa a-.”

Hili ndilo jibu langu. Nitaanza na maneno, nipite kwenye filamu, nije kwenye sarufi, na mwisho nieleze jambo lililotupata baada ya kuonyesha filamu yetu, kwa sababu bila hilo somo hili lingebaki mchezo wa viambishi.

1. Jina la kitu

Kiswahili sanifu kina maneno kadhaa yanayokaribiana. “Mwanasesere” ni mtoto wa bandia wa kuchezea. “Kinyago” ni sanamu au sura ya kuchongwa, hasa ya mti. “Karagosi” au “kikaragosi” ni sanamu inayochezeshwa na mtu mbele ya watazamaji. Neno hili lina safari ndefu: asili yake ni Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Kituruki, ambaye jina lake lina maana ya “jicho jeusi”. Vikaragosi vya mchezo huo hukatwa kwenye ngozi, hupakwa rangi, na huchezeshwa nyuma ya kitambaa chenye taa.

Liko pia neno “kibaraka”: mtu anayetumiwa na mwingine kwa faida ya huyo mwingine. Tulitazame vizuri. Kibaraka amepoteza utashi wake, anavutwa kama kwa kamba, na jina lake linaanza kwa ki-. Hata hivyo tunasema “kibaraka huyu ametumwa”, hatusemi “kibaraka hiki kimetumwa”. Lugha inamdharau lakini haimtoi katika watu. Kikaragosi, kwa upande wake, kina mikono, macho na mdomo, kinaongea na kucheza, na bado sarufi inakiweka pamoja na kiti na kisu.

Hapa Bukavu, mitaani, maneno hayo ya sanifu hayasikiki sana. Watu husema “marionete” au “pupe”, yote kutoka Kifaransa. Katika filamu yetu wahusika wanasema “pupe”, na maelezo ya muswada yanasema “kikaragosi”. Tofauti hiyo itatusaidia huko mbele.

2. Kwa nini vikaragosi, na kwa nini ni rahisi kutisha navyo

Sababu ya kwanza ilikuwa fedha. Tulikuwa na simu moja yenye kamera nzuri, taa mbili za kuchaji, shuka jeusi na sponji la godoro kuukuu. Mwigizaji anahitaji nauli, chakula na muda. Kikaragosi kinalala ndani ya gunia mpaka siku ya kazi.

Mwanzoni tulitaka kukihuisha kwa kupiga picha moja moja, yaani kukisogeza kidogo, kupiga picha, kukisogeza tena. Hesabu ikatukatisha tamaa. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, sawa na picha 1,440 kwa dakika. Hata ukipiga kila mkao mara mbili, bado ni mikao 720 kwa dakika, na kwa dakika 12 ni mikao 8,640. Tukaamua kukichezesha kwa mkono, mkono wenyewe ukifichwa na shuka jeusi.

Wenzetu wa mbali walipita njia hiyo kabla yetu. Mwaka 1989 ilitoka Marekani filamu ya kutisha ya bajeti ndogo iitwayo Puppet Master, iliyoongozwa na David Schmoeller na kutayarishwa na Charles Band. Haikupitia kumbi za sinema. Ilikwenda moja kwa moja kwenye kanda za video. Ndani yake mchezesha vikaragosi aitwaye André Toulon anavificha vikaragosi vyake katika ukuta wa hoteli mwaka 1939, na miaka mingi baadaye vinaanza kuua wageni. Kuhuisha picha moja moja kulitumiwa kwa uchache, kwa sababu ni kazi ghali. Mahali pengi mtazamaji haoni kikaragosi kabisa. Kamera inashuka hadi chini karibu na zulia, inakimbia kati ya miguu ya meza na kuchungulia nyuma ya mlango. Tunaona kile ambacho kikaragosi kinaona.

Mbinu hiyo ilizaliwa na uhaba, lakini ina maana kubwa kwa mwanafunzi wa lugha. Kiti hakioni, kisu hakina mahali pa kutazamia. Kamera inapokipa kikaragosi jicho, imekwisha kukihamisha kutoka kundi la vitu kwenda kundi la watu, hata kabla mhusika yeyote hajafungua mdomo.

Wataalamu wa nafsi waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1906 Ernst Jentsch aliandika kwamba hofu ya aina hii huzaliwa na shaka: kitu kisicho na uhai, je, hakina uhai kweli? Mwaka 1919 Sigmund Freud alimjadili katika insha yake mashuhuri, na wote wawili walirejea kwa mwandishi E.T.A. Hoffmann, ambaye katika hadithi yake moja kijana anampenda binti Olimpia bila kujua kwamba ni sanamu ya mitambo. Hofu, basi, inakaa katikati, pale ambapo hujui. Swali langu ni hili: lugha inayolazimika kuchagua kwa kila kitenzi itakaaje katikati?

Kwetu Kongo, aliyefanya kazi kubwa ya kuhuisha vikaragosi na vitu vingine kwa picha moja moja ni Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mzaliwa wa Lubefu, aliyeanzisha studio yake Malembe Maa mwaka 1988. Yeye hakutengeneza filamu za kutisha kwa maana ya soko. Alianza na ngano ya Kitetela ya chura anayekwenda kwa wakwe zake, na mwaka 1992 alisimulia uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991 kwa kutumia michoro ya watoto. Mwaka 1999 akatoa filamu fupi Muana Mboka, inayomhusu mtoto wa mitaani wa Kinshasa. Jina lenyewe ni Kilingala: mtoto wa nchi. Ninamtaja kwa sababu mbili. Kwanza, alionyesha kwamba jambo zito linaweza kubebwa na vitu vidogo vilivyotengenezwa kwa mkono. Pili, mtoto ambaye mtaani anaitwa “shege” au, huku kwetu, “maibobo”, yeye alimpa jina linaloanza na “mwana”.

3. Sarufi ya hofu

Tulinganishe lugha tatu tunazosoma hapa kitivoni. Mfaransa akisema “la marionnette”, atasema “elle” kabla haijapata uhai, na atasema “elle” baada ya kupata uhai. Sarufi yake haimlazimishi kukiri chochote. Mwingereza anaweza kuanza na “it” kisha akahamia “he” au “she”. Anahama mara moja, kwenye kiwakilishi. Mswahili hana pa kujificha. Tazameni sentensi hizi mbili:

Kikaragosi kile kidogo chekundu kilichokuwa mezani kimeanguka.

Kikaragosi yule mdogo mwekundu aliyekuwa mezani ameanguka.

Isipokuwa nomino yenyewe na neno “mezani”, kila neno limebadilika: kionyeshi, vivumishi, kitenzi kirejeshi na kitenzi kikuu. Katika sentensi ya kwanza mtu atakiokota. Katika ya pili mtu atauliza kama ameumia.

Viumbe vya kutisha vya lugha yetu vinaonyesha kwamba wazee waliijua nguvu hii. Methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi lina tumbo, lina kumbukumbu, hata linakufahamu wewe binafsi, lakini lipo katika ngeli ya LI-YA, na katika methali hiyo halipati a-. Mzimu uko katika U-I: mzimu umemshika, mizimu imekasirika. Jini mara nyingi hupewa a-, na katika masimulizi jini ni kiumbe unayeweza kumwambia neno na akakujibu, mkaahidiana. Maiti inayumba: wengine husema “maiti imezikwa”, wengine “maiti amezikwa”, na kuyumba huko si uzembe, ni uchungu wa kutojua kama aliyelala pale bado ni baba au tayari ni mwili.

Ipo pia methali isemayo kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ni ki- tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mchongaji hatishiki kwa sababu kwake kitu hakijawahi kutoka katika KI-VI. Kazi ya filamu ya kutisha ni kuikanusha methali hiyo kwa dakika 12.

Katika Kiswahili cha Bukavu mambo yana sura nyingine, na kwa maoni yangu ni kali zaidi. Kwa kitu, wengi wetu tunasema “iko ku meza”. Kwa mtu tunasema “eko ku meza”. Wapo wanaosema “iko” kwa vyote viwili, lakini anayetofautisha anatofautisha kwa irabu moja tu. Tuna pia kiambishi ka- cha udogo, ambacho wingi wake ni tu-: katoto, tutoto. “Katoto kangu” ni maneno ya mapenzi. “Kale katoto”, kikisemwa kwa mbali na kwa jicho la pembeni, si mapenzi tena.

4. Tulivyojaribu

Hadithi yetu ni fupi. Mama mshonaji wa Kadutu anamshonea binti yake pupe kwa vipande vya vitambaa vya wateja. Kuanzia usiku huo, kila kitambaa kinachoachwa juu ya cherehani kinakutwa asubuhi kimekwisha kushonwa. Mama anafurahi mwanzoni, kwa sababu kazi inakwenda. Baadaye anagundua kwamba nguo zinazoshonwa ni ndogo mno, na zote ni za kipimo kimoja: cha binti yake.

Tuliandika mazungumzo mara tatu. Katika toleo la kwanza wahusika wote waliita pupe kwa a- tangu mwanzo. Wenzetu waliposikiliza walicheka. Ilikuwa kama mchezo wa watoto wadogo, ambamo sungura na fisi husemeshana na hakuna anayeshangaa. Katika toleo la pili tulibaki na umbo la kitu hadi mwisho. Matukio yalikuwa yale yale, lakini yalisikika kama taarifa ya ajali. Katika toleo la tatu Mama anasema “iko” katika maonyesho matatu mfululizo: iko wapi, iko chini ya kitanda, iko na vumbi. Katika onyesho la nne taa inazimika. Mama anauliza gizani:

“Ile pupe iko wapi?”

Binti anajibu bila kupandisha sauti:

“Eko anashona.”

Hatukuonyesha chochote. Kilisikika tu kishindo cha pedali ya cherehani. Katika ua tulimoonyeshea filamu, kwenye shuka jeupe, hapo ndipo watu walipoacha kuongea.

Kutokana na majaribio hayo nilipata kanuni mbili. Kwanza, hamia a- mara moja, na usihame mapema. Ki- za mwanzo ndizo zinazoipa a- uzito. Pili, anayehama awe mhusika, si msimulizi. Kwa hiyo Profesa hakukosea. Katika maelezo ya muswada ilifaa kubaki “kimesimama”, kwa sababu mwandishi anajua kwamba ndani ya kitambaa kuna mkono wa mwanafunzi. Ni binti asiyejua.

Jambo hili lilinirudisha kwa Warega, majirani zetu wa Mwenga na Shabunda. Katika chama chao cha Bwami, ambacho Daniel Biebuyck alikichunguza katika miaka ya 1950, walio katika ngazi za juu walikuwa na sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu. Sanamu ilitolewa, ikaonyeshwa, na pamoja nayo ikasemwa methali. Iliyo na vichwa vingi, Sakimatwematwe, ilifundisha juu ya mtu anayeona kila upande. Wayinda, mwanamke mjamzito, ilionya juu ya uzinzi. Sanamu peke yake haikusema kitu. Maana yake ilikaa katika neno lililosindikizana nayo, na aliyesema neno hilo alikuwa amefundishwa, na alijulikana. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Sanamu nyingi ziko leo katika makabati ya majumba ya makumbusho ya ng'ambo, kimya.

Nilipenda mfano huo kwa sababu ulinithibitishia kwamba kikaragosi ni kazi ya lugha. Sikuuona upande wake wa pili: anayetoa sanamu mbele ya watu anawajibika kwa neno linaloambatana nayo.

5. Mwendo wa kurudi

Katika ule ua tulimoonyesha filamu anaishi mvulana wa miaka minane hivi, yatima, anayelelewa na shangazi yake. Ni mdogo kuliko umri wake, ana macho makubwa, na usiku usingizi humpotea, hivyo hutoka nje na kukaa kizingitini. Siku chache baada ya onyesho, watoto wenzake walianza kumwita Kapupe. Tulipoambiwa, tulicheka. Tulidhani ni ishara kwamba filamu imependwa.

Wiki ya tatu mwenzetu mmoja alisikia bombani mama mzima akisema, “Kale katoto, kako nazunguka busiku.” Kulikuwa na kitenge kilichopotea kwenye kamba. Hakuna aliyetamka neno “uchawi”. Hakukuwa na haja. Mtoto alikuwa ameanza safari ile ile ya pupe yetu, ila kwa kurudi nyuma: kutoka a- kwenda ka-, na kutoka ka- njia inayoelekea kwa kitu si ndefu.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda watoto inarudia katazo hilo. Sheria ni nzuri, lakini inakuja shutuma ikiisha kutamkwa. Sarufi inatangulia. Kabla mtoto hajafukuzwa nyumbani, watu wamekwisha kuacha kusema “mtoto huyu amekosa usingizi”, wanasema “kako nazunguka”. Kitu kinachopewa a- kinatutisha kwenye filamu. Mtu anayenyang'anywa a- ndiye aliyepaswa kututisha zaidi, lakini hatusikii kishindo chochote.

Tulirudi uani sote watano, tukiwa na mzee mmoja wa mtaa na gunia letu. Tuliwaita watoto na wakubwa, tukaigeuza pupe ndani nje: sponji, waya, uzi, tundu la mkono. Kisha tukamwomba yule mvulana aingize mkono wake. Aliichezesha vizuri kuliko sisi. Aliiinamisha kichwa, akaisalimisha shangazi. Watoto wakagombania zamu. Sisemi kwamba jambo limekwisha. Tunapita pale kila Jumamosi, na shangazi ametuambia kwamba sasa wanamwita kwa jina lake, isipokuwa wakigombana.

Tulibadilisha pia mwisho wa filamu. Awali iliishia gizani, pedali ikiendelea kulia. Sasa baada ya giza taa inawaka, mkono unaonekana ukitoka ndani ya pupe, na Mama anasema, “Iko kitambaa tu.” Baadhi ya wenzangu kitivoni wanasema tumeiua filamu, kwamba hadithi ya kutisha haipaswi kuomba radhi. Hoja yao ina nguvu, na mahali pengine ningeikubali. Watazamaji wa Puppet Master hawakuwa na jirani wa kumfananisha na kikaragosi. Sisi tulionyesha filamu katika ua wenye mtoto asiyelala, na tulikuwa tumewafundisha watu wa pale, kwa irabu moja, jinsi ya kumvusha kiumbe mpaka. Ilitulazimu kuwafundisha pia kurudi.

6. Kwa watakaoandika

Ninawaachia wenzangu mambo matatu ya kujaribu. Andika muswada wako, kisha upige mstari chini ya kila kiambishi cha upatanisho cha mhusika wa kutisha. Ukiona vimechanganyika bila sababu, hofu yako imevuja. Msomee mtu anayesema Kiswahili cha mtaani, umwulize ni wapi alianza kuogopa. Mara nyingi atakutajia kitenzi, si tukio. Na kabla ya kuonyesha, jiulize ni nani katika ua ule anayefanana na kikaragosi chako.

Rasimu ya makala haya niliipeleka kwa Profesa. Aliisoma yote na kusahihisha mahali pamoja tu, kwa wino ule ule mwekundu. Katika sehemu ya tano, nikimweleza yule mvulana, nilikuwa nimeandika bila kufikiri “kale katoto kadogo”. Alikata maneno yote matatu. Kama mlivyosoma, sasa imeandikwa: mvulana.